Usukani Uliokataliwa

Mzee Milimita alilisukuma bapa la usukani wetu kwenye mwanya wa kipimo chake, likakwama. Akalichomoa, akaupangusa mwanya kwa leso, akalisukuma tena. Likakwama palepale. Akanitazama juu ya miwani kwa furaha ya mtu aliyemkamata mwizi wa kuku wake.

"Nene," akasema.

"Nene vipi, mzee? Ni jipya. Nailoni yake nimeichana mbele yako, hapa hapa mezani."

"Kiwanda hukosea, mwanangu. Kipimo hakikosei."

Banda zima la klabu likacheka. Mimi ni mtu wa hasira na sifichi. Mume wangu husema nilizaliwa nimekunja ngumi, na mama yangu, ambaye hakubaliani naye hata juu ya saa, katika hilo humuunga mkono. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimemwahidi wifi yangu kwamba sitamjibu mtu vibaya mpaka tupate stika. Nikameza maneno yangu, nayo yakashuka kwa shida.

Stika ndiyo kila kitu pale klabuni. Mashua zetu ni ndogo, za watu wawili, na zote ni za aina moja, maana yake hakuna ruhusa ya kubadili kitu. Tanga lako ni sawa na langu, mlingoti wako ni sawa na wangu, na bapa la usukani, ule ubao wa faiba unaoning'inia nyuma na kuigeuza mashua, lina unene wake uliowekwa na chama cha mashua. Usizidi, usipungue. Anayeshinda ashinde kwa akili na mikono yake, si kwa vifaa. Mimi naipenda kanuni hiyo kuliko kitu kingine chochote katika mchezo huu. Kazini nauza viatu, na siku nzima naona watu wakidharauliana kwa vya miguuni. Kule majini angalau wote tumevaa kiatu kimoja.

Kwa hiyo kila mwanzo wa msimu vifaa vyote hupita mezani kwa mpimaji. Kinachofaa hubandikwa stika ya klabu, na asiye na stika haingii majini. Kesho yake yalikuwa mashindano ya mchujo, na mashua moja tu, ile itakayoshinda, ndiyo ingekwenda Mashindano Makuu kwa niaba yetu. Mimi na wifi tumeshika nafasi ya pili katika mchujo huo mara nyingi mpaka watu wametubandika jina la Bado Kidogo. Na mwaka huu ulikuwa wa mwisho. Wifi, mdogo wake mume wangu, alikuwa ameshachumbiwa na mtu wa mbali, mahali ambapo maji ni ya bombani tu. Harusi ikipita anahama. Tungekwenda mwaka huu, au tusingekwenda kabisa.

Ndiyo maana niliposikia lile neno "nene" nilihisi damu inapanda mpaka masikioni. Usukani wetu wa zamani ulikuwa umepasuka, na huu mpya tuliuagiza kiwandani tukausubiri msimu mzima. Ulipofika, wifi aliulaza kitandani kwake kama mgeni. Hatukuugusa kwa kitu chochote. Sasa mzee huyu ananiambia mgeni wetu kanenepa.

Milimita, kabla ya kustaafu, alikuwa karani wa mizani ya malori barabarani. Amestaafu yeye, mizani imebaki kichwani. Kipimo chake ni kipande cha mbao ngumu chenye mwanya mmoja mrefu. Bapa likipita mwanyani, linafaa. Likikwama, limezidi. Kinaning'inia kwenye msumari juu ya meza yake, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kukigusa, hata mwenyekiti wa klabu. Kuna watu nadhani hukisalimia hicho kwanza, ndipo wamsalimie mwenyewe.

"Peleka kwenye benchi," akaniambia. "Lipige msasa, urudi kabla sijafunga meza. Sharubu atakuonyesha."

Kando ya ukuta lipo benchi refu, na siku ya kupimwa hujaa watu wanaopiga msasa sukani zao. Ndiyo desturi yetu. Unapiga, unapeleka mezani, unarudishwa, unapiga tena, huku mnataniana. Usukani uliopita vizuri mwaka jana, mwaka huu hukataa, na hakuna anayejiuliza kwa nini. Wanasema sukani hunenepa zikikaa bandani. Faiba! Kitu ambacho ukikizamisha kisimani mwaka mzima kitatoka vilevile, wao wanasema kinanenepa, kana kwamba usiku kinakula. Na mimi nilikuwa nasema nao.

Sharubu, huyo anayetushinda kila mwaka, alikuwa amekaa kwenye benchi na usukani wake mapajani. Ameupiga msasa misimu yote mpaka umekuwa kama kisu cha mkate, na anajisifu nao.

"Njoo, Bado Kidogo," akaniita. "Leo kweli ni bado kidogo tu."

Wakavunjika mbavu. Nikamgeukia Milimita kwa sauti ya kuazima, ile ninayoitumia na wateja wanaovaa kiatu wiki nzima halafu wanakirudisha.

"Mzee, naomba nikione kipimo."

"Kwa macho," akasema. "Mikono mgongoni."

Akakipeleka penye mwanga wa dirisha, akakigeuzageuza. Kiling'aa.

"Unaona kilivyo? Kipo hapa tangu wewe hujajua kuogelea. Unajua kwa nini hakijaoza? Kila mwanzo wa msimu nakipaka vanishi kwa mkono wangu mwenyewe. Nje na ndani. Ndani ya mwanya hasa, maana unyevu huingilia humo."

Nikainama nikatazama ndani ya mwanya. Kingo zake zilikuwa na vanishi nene ya rangi ya asali, tabaka juu ya tabaka, na mahali pengine ilikuwa imetiririka ikaganda kama nta ya mshumaa. Mwanya ulikuwa unaziba. Mzee wa watu alikuwa anauziba kidogo kidogo kila mwaka kwa mapenzi yake, na kila mwaka klabu nzima inajipanga kwenye benchi kuchonga sukani zake ziingie humo. Wote, na wasomi wao, na mwenyekiti wao. Dukani kwangu mteja asipoenea kwenye kiatu namletea kiatu kingine. Sijawahi kumwambia akachonge kisigino.

Nikafungua kinywa. Sharubu alikuwa ameinua kichwa, anangoja kicheko kingine. Nikakifunga. Nilijijua: nikianza, nisingeishia kwenye vanishi, ningefika mpaka kwa mama zao, na wangenifukuza mimi na stika ya wifi juu. Kanuni ya klabu ni kwamba kifaa kilichokataliwa hakitoki bandani mpaka kitengenezwe, kwa hiyo nikauacha usukani mezani, nikachukua mkoba wangu, nikatoka.

Nje wifi alikuwa amepiga magoti kwenye majani, anakunjua tanga na kukagua mishono. Yeye ni fundi cherehani, na tanga kwake ni gauni kubwa tu.

"Wifi! Vipi, tumepata?"

Nilimpita. Nikasema "Nakuja," nadhani, kama nilisema. Alinyanyuka akanifuata hatua chache, akaita tena, na mimi sikugeuka. Ndivyo hasira zangu zilivyo. Hunitangulia mbio, mimi nazifuata nyuma, na aliyebaki kabaki.

Ofisi ya chama iko mjini, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Ngazi zinanuka oili. Ndani kuna meza moja, makabati ya chuma, na mama mmoja mnene mchangamfu ambaye sote tunamwita Mkaguzi, kwa sababu ndiye anayekagua mashua kwenye Mashindano Makuu. Alikuwa anakula karanga kutoka kwenye bahasha. Nikamwaga yote bila hata kuketi: kipimo, vanishi, benchi, Sharubu, kicheko. Kwenye vanishi aliacha kutafuna.

"Ndani ya mwanya?" akauliza.

"Ndani ya mwanya. Kila mwaka. Kwa mkono wake mwenyewe."

Akafungua kabati, akatoa kipimo cha chuma. Hiki kilikuwa na mianya miwili, mmoja mpana kidogo, mwingine mwembamba.

"Tazama, mama. Kwa huku bapa lazima lipite, tujue halijazidi. Kwa huku lazima likwame, tujue halijapungua. Likipita kote kuwili, limechongwa, na mashua yake siipokei. Mwaka huu stika za klabu hatuziamini tena. Kule Mashindano Makuu nitapima kila usukani mwenyewe, kwa hiki hiki."

"Wa kwetu haujaguswa."

"Hata kidogo?"

"Hata kwa ukucha."

"Na wa wenzako?"

"Wote wamepiga msasa. Miaka yote."

Akajifunika mdomo, na mabega yakaanza kumtikisika. Mimi sikucheka, lakini moyoni kitu kilifunguka.

"Basi klabu nzima, mashua ninayoweza kuipokea ni ya kwenu peke yake," akasema. "Ashinde kesho atakayeshinda, kama ni mwingine nitamrudisha nyumbani, nafasi itakuwa yenu. Ila usiuguse huo usukani. Nasema usiuguse. Ukipigwa msasa, hata wa kupapasa, umekwisha."

Akaniazima kipimo cha akiba nimpelekee mzee, akanisihi nimwambie kwa heshima. Nikamwahidi, na nilikuwa naongopa.

Nikiwa bado kwenye ngazi nikampigia wifi. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena nikiwa kituoni, na tena ndani ya basi. Ikawa inaita tu. Milimita siku ya kupima huzima yake, anasema inamyumbisha mkono. Sikuwa na wasiwasi sana. Wifi simu yake huishi ndani ya mkoba, chini ya uzi na mikasi. Nilikaa dirishani na kile chuma mapajani nikipanga maneno. Nilipanga ya Milimita, marefu, yenye mizani ya malori ndani yake. Nikapanga ya Sharubu, mafupi. Nikapanga hata ya mwenyekiti, ingawa hakunikosea kitu siku ile. Nakiri nilikuwa na raha. Hasira yenye ushahidi ni tamu, na mimi sikuwa nimewahi kuwa na ushahidi.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni pa banda. Aliponiona alirusha mikono yote miwili juu. Ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko.

"Wifi! Tumepita!"

Sikuelewa. Nasema kweli, niliona ule unga mweupe mikononi mwake, kifuani, hata kwenye nyusi, na akili yangu ikawa inautafutia maana nyingine. Nikafikiri kapika.

"Ulinuna ukaondoka, nikajua limekuuma," akasema, maneno yakikimbizana. "Nikasema, leo acha nimfanyie dada yangu kitu. Wewe kila siku ndiye unayehangaika na vyombo, mimi nashona tu. Nikakaa kwenye benchi mwenyewe. Na sikupiga ovyo kama wao, nimepiga taratibu, kwa msasa laini kabisa, upande huu kidogo, upande huu kidogo. Nimekwenda mezani nikarudishwa, nikaenda nikarudishwa. Meza ilikuwa inakaribia kufungwa. Mara ya mwisho ukapita swafi! Mzee mwenyewe amenipa mkono. Njoo uguse."

Akanishika mkono akaniingiza ndani. Usukani ulikuwa mezani, na stika ya klabu imebandikwa juu yake, imenyooka. Akaukamata mkono wangu akaupitisha juu ya bapa. Lilikuwa laini ajabu, halina alama hata moja. Wifi hana kazi mbaya.

"Sasa mmeelewana na kipimo," akasema Milimita, akifunga kalamu yake. "Mnaona? Hakuna haja ya kununa."

Hapo ndipo nilipolipuka.

Nilitoa kile chuma mkobani nikakibwaga mezani, meza ikaruka na kalamu yake ikaruka. Nikamwambia yote niliyoyapanga kwenye basi, na mengine niliyokuwa sijayapanga. Nikamwambia kwamba vanishi yake imetumaliza sote. Nikamwambia akae na huo ubao wake autie fremu. Watu wakanyanyuka kwenye benchi. Nikanyakua usukani wa kwanza uliokuwa karibu, nikaupitisha kwenye mwanya mpana, ukapita. Nikaupeleka kwenye mwanya mwembamba.

"Hapa unatakiwa ukwame!" nikapiga kelele. "Mnasikia? Ukwame!"

Ukapita. Nikachukua wa pili. Ukapita kote kuwili. Nikaufuata ukuta, usukani mmoja baada ya mwingine, nauchomoa mahali pake, naupitisha, naubwaga sakafuni, nachukua mwingine, na kila mwenye wake alikuwa anasogea kuutazama wake ukipita. Wa mwenyekiti ulipita. Wa Sharubu haukugusa hata kingo. Ulipita kama barua mlangoni, ukaniponyoka ukaangukia mguu wake. Hakulia wala hakucheka.

"Mkaguzi anangoja na hiki," nikasema. Nilikuwa nahema. "Hakuna mashua hata moja ya hapa atakayoipokea. Nendeni mkashindane kesho. Shindeni sana! Atawarudisha mlangoni na stika zenu."

Milimita alikuwa amekinyanyua kile chuma kwa ncha za vidole, anakitazama kama kinanuka.

"Hiki umekuja nacho kwenye basi?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mchana huu?"

"Ndiyo, mzee, mchana huu!"

"Basi ni joto," akasema, akakirudisha mezani. "Chuma kikipata joto hutanuka. Kiache kipoe, mianya itarudi."

Na msinicheke: wapo waliotikisa vichwa kukubali. Mwenyekiti mmoja wao. Walikuwa tayari kungoja chuma kipoe. Nilitaka kuung'oa ule msumari wake kwa meno. Nilimgeukia Sharubu, nikamgeukia mwenyekiti, nilikuwa na neno la kila mtu na kila mtu nilimpa vidonge vyake, na sauti yangu iligonga bati ikanirudia masikioni mpaka ikanichosha.

Ni katika kuchoka huko ndipo niligundua kwamba wifi alikuwa hajasema kitu.

Alikuwa amesimama mezani, upande wa pili. Alivuta kile chuma kwake. Akachukua usukani wetu, ule aliowahi kuulaza kitandani, akaupangusa kwa upindo wa gauni lake ingawa ulikuwa safi. Nikasema, "Acha, wifi." Hakuacha. Akaupitisha kwenye mwanya mpana, ukapita vizuri. Akaupeleka kwenye mwanya mwembamba, taratibu, kama anavyotia uzi kwenye sindano, na akaushikilia pale kidogo kabla ya kuuachia. Ukapita. Ulisugua kingo kidogo tu, nikausikia unasugua, ukatoka upande wa pili.

Alikuwa amepiga msasa kwa uangalifu sana. Mtu mvivu pengine angetuachia unene wa kutosha.

Sharubu akainama akaokota usukani wake, akatoka nje. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Mzee Milimita akakitundika kipimo chake kwenye msumari, akakinyoosha kisimame wima, akaanza kukunja leso.

"Ulijua," wifi akasema. Hakuwa ananiuliza. "Ulipotoka humu ndani asubuhi ulishajua ni vanishi."

"Nilijua."

"Nikakuita. Ukanipita hivi, mimi nimesimama."

"Nilikuwa na hasira, wifi."

"Najua ulikuwa na hasira. Sisi sote nyumbani tunajua ukiwa na hasira." Alikuwa anajipangusa ule unga mikononi, lakini ulikuwa umeingia kwenye mistari ya viganja na haukutoka. "Ungeniambia. Hata neno moja. Ungesema tu usiguse, ningekaa hapo juu yake kama kuku mpaka urudi."

Nilikuwa nimewapa maneno watu wote mle bandani. Yeye ndiye niliyekuwa sijampa hata moja, na sasa nilipoyatafuta sikuyaona.